Miguu Iliyopumzishwa

Mkamwana alikuwa amebana pini midomoni, anashikiza pindo la sketi, alipogundua kwamba cherehani ya mama mkwe wake imenyamaza. Hakuinua kichwa mara moja. Alichomeka pini moja, akachomeka ya pili, akingoja mlio wa mota uendelee, ule mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa koponi. Haukuendelea.

Alipotazama, alimkuta mama mkwe ametulia tuli, mkono mmoja juu ya kitambaa, wa pili umezama chini ya meza. Ule wa chini ulikuwa unasugua mguu. Macho yao yalipokutana, mkono ulirudi mezani upesi, kama wa mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Uzi umekatika, Mama?"

"Haujakatika. Nimepumzika kidogo."

"Umechoka?"

"Nichoke na nini, mwanangu? Siku hizi mimi nagusa tu, inashona yenyewe. Mtu huchoka kwa kugusa?"

Mota ikalia tena. Mkamwana akarudi kwenye pindo lake, lakini sikio lake halikurudi.

Walikuwa wanashona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba, ambacho kingekuwa sebule kwa watu wengine, kwao kilikuwa karakana: cherehani mbili zinazotazamana, meza ya kukatia, pasi juu ya kigae, na marundo ya sketi na suruali yaliyopanda ukutani mpaka karibu na dirisha. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kila mzazi aliyepita barabarani alichungulia na kuuliza kama ya mwanawe iko tayari.

Mtaani mama huyu aliitwa Mama Mwendo, na jina hilo hakulipata bure. Enzi zake, akienda dukani kununua vitambaa, waliofuatana naye walirudi wanahema huku wakiapa kutofuatana naye tena. Kwenye cherehani ndiyo usiseme. Aliipiga pedali tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapolala, kisigino na vidole vikipokezana, na sakafu ya chumba ikatetemeka hata vikombe vikagongana kabatini. Mume wa mkamwana, ambaye ndiye kitindamimba wake, alikuwa na kawaida ya kusema kwamba utotoni alilala kwa sauti ile, na ikikatika aliamka analia.

Sauti ile sasa ilikuwa imekatika. Aliyeikata ni yeye mwenyewe kitindamimba, fundi umeme kwa kazi, na aliikata kwa mapenzi. Mama alikuwa amelalamika jioni moja tu kwamba magoti yanamuuma. Neno hilo likatosha. Mwana akatafuta mota ya mtumba, akaisafisha, akaifunga nyuma ya cherehani, akaweka na swichi ndogo ya kukanyaga kwa ncha ya kidole gumba. Mkanda wa ngozi uliounganisha pedali na gurudumu akauvua. Pedali yenyewe, kibao kizito cha chuma, akaifunga kwa waya isichezecheze, na Mama akawa anaegesha miguu juu yake kama mtu aliyekaa kupunga upepo.

"Sasa unaendesha gari, Mama," mwana alisema siku ile. Wote wakacheka, na mkamwana ndiye aliyecheka zaidi, maana ndiye aliyeshika tochi mota ilipokuwa inafungwa.

Wifi yake, dada mkubwa wa mume, mpishi katika shule ya bweni na mkazi wa mtaa wa pili, hakukubali kupitwa na mdogo wake kwa wema. Alileta mto wa sponji wa kukalia. Akaleta kengele ndogo ya kuitia. Kisha akatoa amri ambayo hakuna aliyemwomba: Mama asiinuke.

"Alitulea kwa miguu hii," alisema. "Sasa ipumzike. Na wewe wifi yangu, kengele ikilia uitike kabla haijamaliza."

"Na ikilia nikiwa chooni?"

"Uitike ukiwa humo humo."

Kwa hiyo maji yakawa yanamfuata Mama alipo. Chakula kikamfuata. Bobini, mkasi, uzi, hata dirisha alilokuwa akilifungua mwenyewe, sasa lilifunguliwa na mwingine. Asubuhi alitoka kitandani akakaa kitini, jioni akatoka kitini akarudi kitandani. Mtaa mzima ulimsifu kwa kupata watoto. Muuza mkaa wa jirani, akipita na toroli lake, aliegemea dirisha akasema, "Nyumba hii siku hizi kimya. Na kimya kingi kina mshindo mkuu." Alisema kwa utani, akaenda zake. Mkamwana alicheka naye, lakini maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki.

Maana alikuwa ameanza kuona mambo. Mambo madogo, ambayo mtu akiyasema moja moja anaonekana mchokozi. Mama alikuwa anasinzia kitini kila akimaliza kula. Alipanda ngazi ya mlangoni, ambayo ni fupi kuliko kiatu cha mtu mzima, akasimama na kushika fremu ya mlango kupata pumzi. Kwenye kliniki ya presha nesi alitazama kipimo, akakirudia, akauliza, "Mama, umebadilisha nini nyumbani?"

"Sijabadilisha kitu. Nalelewa tu na wanangu."

Nesi alitabasamu. "Kulelewa ni kuzuri. Lakini mwili si sahani ya wageni, useme utauweka kabatini usichakae. Tembea kidogo kila siku. Presha inashuka, sukari haipandi ovyo, hata usingizi unakuwa mtamu."

Mkamwana aliubeba ujumbe huo mpaka kwa wifi, na alijuta kabla hajafika mwisho wa sentensi.

"Ni nesi aliyesema, au ni wewe?"

"Ni nesi, wifi."

"Maana nasikia mkamwana akichoka kubeba maji, huwa anapata nesi wa kumsemea." Wifi alisema huku anacheka, ili asiwepo wa kukasirika. Kisha akaacha kucheka. "Mtu akipita hapa akamkuta mama yangu anazunguka uwanjani, na sisi watoto wake wazima tumo ndani, atasemaje?"

Mkamwana aliyaacha hapo. Alimpenda mama mkwe wake, na mama mkwe alimpenda, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtoto wa kuzaa anaweza kumwambia mama yake, Mama inuka, fanya kazi. Mtoto wa kuolewa akisema hivyo, neno linageuka likiwa bado hewani. Alimweleza mumewe, na mumewe akakuna kichwa.

"Dada ana maneno, lakini hana nia mbaya. Tumalize sare kwanza. Zikiisha tutampeleka matembezi, hata mwenyewe atachoka."

Sare hazikuisha. Zilipungua upande mmoja, zikaongezeka upande wa pili, na Mama akaendelea kukaa.

Siku ile ya mkono chini ya meza, baada ya chakula cha mchana, Mama alisinzia. Mkamwana alipiga magoti kuokota pini zilizoanguka, akipitisha sumaku sakafuni, na ndipo alipojikuta ana kwa ana na miguu ya mama mkwe wake juu ya kile chuma kilichofungwa waya. Ilikuwa imetulia sana. Wa kulia ulikuwa mguu anaoujua, mkavu, wenye mishipa. Wa kushoto haukuwa wa mtu yule. Ngozi yake imevutika ikang'aa, na lastiki ya soksi imezama ndani kama uzi uliokazwa kwenye mto.

Alifikiri ni mwanga wa dirishani unamdanganya. Lakini mshonaji haamini jicho. Alivua futi shingoni, akaizungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, akashika alama kwa ukucha. Akaizungusha kwenye wa kushoto. Ukucha ulibaki nyuma. Akarudia, kwa kuwa mtu anaporudia hutumaini alikosea, na ukucha ukabaki nyuma vilevile, upana wa vidole viwili. Kisha akaugusa kwa nyuma ya mkono. Ulikuwa na moto kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi.

"Unanishonea suruali?"

Mama alikuwa macho, anamtazama kutoka juu.

"Mama, mguu huu tangu lini?"

"Una siku zake."

"Na hukusema."

"Nitasema nini, mwanangu? Mwanangu amejinyima akaninunulia mota, niseme imenivimbisha mguu? Atalala usingizi gani? Na dada yake ataambiwa na nani kwamba kiti chake kimeniumiza? Atakuja kwako. Maneno yote utayala wewe." Mama aliushusha upindo wa gauni lake taratibu. "Mguu ni wangu. Acha uvimbe polepole, utachoka utarudi."

"Mficha maradhi, Mama..."

"Najua unakoishia. Nimemzidi umri aliyekufundisha." Akabonyeza swichi, mota ikalia juu ya kitambaa ambacho hakikuwa kimewekwa sawa. "Tumalize sare, kisha nitakwenda mwenyewe. Usimwambie mtu."

Mkamwana hakuitikia ndiyo wala hapana. Alisema vifungo vimepungua, akachukua mkoba, akatoka. Vifungo havikuwa vimepungua.

Zahanati haikuwa na watu wengi saa ile. Nesi yule wa presha alikuwa anafunga bandeji kwenye kidole cha mtu, akamsikiliza huku anafunga. Aliuliza maswali mafupi. Mguu mmoja au yote? Una moto? Anakaa kwa muda gani? Mkamwana alipojibu hilo la mwisho, "Kutwa," nesi alimwambia mgonjwa wake asubiri kidogo, akamvuta pembeni.

"Anapumua vizuri? Kifua hakimbani?"

"Anachoka ngazini. Kifua hajasema. Lakini hata mguu hakusema."

Nesi akaongea kwa sauti ya chini. "Moyo unasukuma damu mpaka chini. Kuirudisha juu unataka msaada, na msaada wake ni hili shavu la mguu. Kila mtu akitembea, akikanyaga, linakamua damu kuipandisha. Mguu ukikaa kimya kutwa, siku baada ya siku, damu inatuama. Ikituama inaweza kuganda. Sijauona mguu wenyewe, siwezi kukuambia ndivyo ilivyo. Lakini bonge la damu likibanduka, linapanda mpaka kwenye mapafu, na likifika huko haligongi hodi. Mpelekeni hospitali kubwa. Leo, siyo kesho."

"Leo."

"Na mtu asiuchue. Wala kwa mafuta, wala kwa maji moto. Mwambie kila mtu nyumbani."

Mkamwana alitoka anatembea. Alipofika penye duka la vitambaa alikuwa anakimbia, na hakuwa amekimbia tangu alipokuwa msichana wa shule. Watu walimpisha. Aliyemwona alidhani kuna nyumba inaungua. Yeye alikuwa anauona mkono tu, ule mkono chini ya meza, unasugua mguu taratibu, jana, na juzi, na siku zote ambazo yeye alikuwa ametazama pindo.

Alinusa mafuta kabla hajafika mlangoni. Mafuta yaliyopashwa moto, yenye harufu ya nyumba yenye mgonjwa.

Wifi alikuwa ametoka kazini mapema. Alikuwa ameketi mkekani mbele ya kiti cha Mama, mikono ya blauzi imekunjwa juu ya viwiko, bakuli la mafuta pembeni. Mguu wa kushoto umewekwa juu ya kigoda, gauni limevutwa mpaka gotini. Kwenye mwanga ule mguu ulionekana mkubwa kuliko alivyouacha.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "ulikwenda kununua vifungo au kuvifinyanga?"

"Wifi, usimshike."

"Nisimshike nani? Huyu ni mama yangu." Alichovya vidole kwenye bakuli, akasugua viganja. "Nimekuja nimemkuta na mguu kama mto wa kulalia, na mtu anayekaa naye kutwa hajauona. Macho yako yako kwenye sindano tu. Nitauchua mpaka ushuke."

Mikono yake ilikwenda. Hapo mkamwana alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa ndani ya nyumba ile: alimshika wifi yake mkono. Ulimteleza kwa mafuta, akaushika tena, safari hii kwa mikono yake yote miwili. Bakuli lilipinduka, mafuta yakaanza kutambaa mkekani kuelekea kwenye rundo la sketi, na hakuna aliyeyazuia.

"Niachie," wifi alisema polepole.

"Nesi amesema huenda damu imeganda ndani. Ukiuchua inaweza kupanda kifuani."

"Nesi ameuona mguu?"

"Hajauona."

"Kwa hiyo mnapiga ramli, wewe na nesi wako. Juzi ulitaka mama yangu azunguke kama punda wa kinu. Leo hutaki nimkande. Unamtakia nini mama yangu, wifi?"

Mkamwana hakuchagua jibu. Lililokuja ni lile alilokuwa nalo.

"Sijui. Labda nimekosea. Nikiwa nimekosea mimi, utanisema mpaka nizeeke, na nitakusikiliza. Lakini ukiwa umekosea wewe, tutamsema nani, na atasikia nani?"

 Lilisikika toroli la muuza mkaa linapita barabarani, gurudumu lake moja linalia. Wifi alitazama mikono yake yenye mafuta, akautazama mguu, na kwa mara ya kwanza alionekana kuuona mguu wenyewe, si mguu anaouuguza. Aliinua kidole, akakisimamisha hewani karibu na ile ngozi inayong'aa, bila kuigusa, kama mtu anayepima joto la sufuria.

"Mama, unauma?"

"Unauma," Mama alisema. Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelisema kwa yeyote. Baada ya kulisema aliegemeza kichwa nyuma, akafumba macho. "Jamani, mwiteni mwanangu. Nileteeni viatu."

Kiatu cha kulia kiliingia. Cha kushoto hakikuingia.

Hospitali ilimchukua Mama kwenye kitanda chenye magurudumu. Daktari alipaka kitu kama jeli kwenye paja, akapitisha mashine, na mwana wa Mama, aliyezoea kutafuta mahali waya ulipokatikia ndani ya ukuta, alikuwa anatazama kioo cha ile mashine kana kwamba naye angeweza kusoma. Bonge lilikuwepo. Lilikuwa juu ya goti, limelala ndani ya mshipa kama kitu kinachongoja. Wakaanza kumchoma sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, na wakambakiza.

Siku za kulazwa zilikuwa za kusikiliza. Mkamwana alikaa kando ya kitanda, akajifunza kuhesabu usingizi wa mtu mwingine kwa pumzi. Kila Mama alipovuta hewa kwa kina kidogo, aliyekuwa zamu aliinuka. Wifi alikuja na chakula jioni, akasimama miguuni pa kitanda, mkono mmoja juu ya ule mwingine, kama mgeni kwenye nyumba isiyo yake.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaita wote. "Dawa haziyeyushi bonge," alisema. "Zinalizuia lisikue. Kulimaliza ni kazi ya mwili wenyewe, na inachukua miezi. Akibanwa na kifua, akikosa pumzi, akikohoa kohoa, hasa akitoa damu, msingoje asubuhi. Mleteni."

"Na nyumbani akae vipi?" wifi aliuliza. "Tumlaze?"

"Msimlaze. Atembee. Mara kwa mara, kidogo kidogo, kila siku. Hata akikaa achezeshe nyayo."

Fundi umeme alikuwa na swali lililomkwama tangu siku ya kwanza. "Daktari, ni mota?"

Daktari hakuelewa, wakamweleza: pedali, mkanda, waya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mota haina kosa. Ungemfungia mota, naye akawa anainuka, anakwenda dukani, anafungua dirisha lake, labda tusingekutana. Na wapo wanaopata hili bila kukaa hata siku moja. Ana umri, ana presha. Siwezi kukuapia ni kitu kimoja. Lakini huyu mama alikuwa anafanya mazoezi kutwa nzima kwa miaka, bila raba wala uwanja. Misuli yake, moyo wake, mishipa yake, vyote vilizoea hivyo. Kisha siku moja vyote vikaambiwa basi."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walipofika kwenye korido, wifi aliegemea ukuta.

"Mimi nilitaka apumzike tu," alisema. Hakuwa anajitetea, ilikuwa kama anamweleza mtu njia. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala sakafuni kando ya miguu yake, inakwenda tu, haisimami. Nikasema nikipata nguvu, miguu hii haitafanya kazi tena."

Mkamwana alisimama karibu naye.  "Twende, wifi. Anatusubiri."

Waliporudi nyumbani shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Wazazi wengine walikuwa wamechukua sare zao nusu nusu kwenda kuzimalizia kwingine, na rundo lililobaki lilikuwa limeshuka chini ya dirisha. Doa la mafuta lilikuwa limeharibu sketi kadhaa za chini. Mkamwana aliziweka kando.

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye mabati, Mama alitembezwa uwanjani. Ilikuwa zamu ya wifi. Walikwenda kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, wakageuka, wakarudi, Mama ameshika mkono wa binti yake, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya wa kulia. Muuza mkaa alisimamisha toroli.

"Mnampeleka wapi mgonjwa jamani?"

Wifi alitazama chini. Shingo yake ilikaza, na mkamwana aliyekuwa dirishani alijua ni jambo gani linapita kichwani mwake.

"Hatumpeleki popote," wifi alijibu. "Anatembea."

"Si apumzike?"

"Amekwisha pumzika."

Ndani, fundi umeme alikuwa amelala chali chini ya cherehani ya mama yake na koleo mkononi. Alikuwa ameifungua mota, akaiweka juu ya meza ya kukatia, ndogo, safi, haina hata kutu. Alikata waya wa pedali. Chuma kilishuka kwa mlio wa kitu kilichokaa muda mrefu. Akachukua ule mkanda wa zamani ili auvishe kwenye gurudumu, lakini ngozi ilikuwa imekauka. Alipoukunja kidogo ukapasuka mikononi mwake.

"Huu umekufa," alisema. "Kesho nitatafuta mwingine."

Mama aliingia, akaketi. Hakuketi juu ya mto wa sponji. Aliusukuma kando kwa kiwiko. Aliweka miguu juu ya pedali isiyounganishwa na kitu, akaikanyaga. Kisigino, vidole. Gurudumu lilibaki limesimama. Mguu wa kulia ulikumbuka. Wa kushoto ulikwenda nusu njia, ukasita, ukamalizia kwa kuchelewa, na pedali ikalia vibaya.

"Usilazimishe, Mama," mwanawe alisema kutoka sakafuni.

"Silazimishi. Naukumbusha."

Mkamwana alikuwa anatia vifungo kwenye shati la mwisho ambalo mwenyewe alikuwa bado analingoja. Alisikiliza ule mlio, usio na uwiano, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Haukuwa ule wa zamani. Hakujua kama ungekuwa.

Kisha Mama akakohoa.

Hakikuwa kikohozi kikubwa. Kilikuwa kimoja, kikavu, kifupi. Sindano ya mkamwana ilisimama ndani ya tundu la kifungo. Koleo lilisimama. Wifi, aliyekuwa anakuja na kikombe cha maji, alisimama mlangoni na maji yakamwagikia vidoleni. 

Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Ni vumbi," alisema. "Mwanangu amelitibua huko chini."

Akavuta pumzi. Wote waliisikiliza ikiingia, na wote wakaingoja itoke. Ilitoka. Akavuta nyingine.

"Fungeni kazi," Mama alisema. "Mtaendelea kesho."

Fundi umeme aliacha skrubu zake sakafuni kama zilivyo. Mkamwana aliweka shati mezani, limetiwa vifungo mpaka kifuani, kola iko wazi. Hakuinuka kwenda jikoni. Alisogeza kigoda karibu na kiti cha mama mkwe wake, akakaa, wifi akaketi upande wa pili, na wote watatu wakasikiliza pumzi zake, huku miguu ya Mama ikiendelea kukanyaga, kidogo, ikisimama, ikianza tena.